Khabari ni Amana: Maktaba, Simu na Wajibu wa Kuuliza

Watu wa mwambao hawaanzi mazungumzo ila kwa khabari. Asubuhi, njiani kuelekea shamba au pwani, mtu huulizwa khabari za kwake, khabari za watoto, khabari za tokea jana. Naye hujibu "njema" kabla hata hajafikiri, pengine nyumbani ameacha mgonjwa kitandani na chungu hakijainjikwa. Hakuna amwitaye mwongo kwa jibu hilo. Adabu imeutangulia ukweli, na pande zote mbili zinalijua hilo. Njema ya mwanzo ni ya kufungulia mlango. Ukweli wenyewe huja baadaye, mtu akishakaribishwa akaketi.

Lakini iko khabari ya namna nyengine, isiyobakia baina ya wawili. Aliyeipokea huichukua akaifikisha nyumba ya pili, na nyumba ya pili ikaifikisha ya tatu. Khabari hiyo haifanani na salamu; inafanana na amana. Mtu aliyewekewa amana si mwenye mali. Hana ruhusa ya kuipunguza wala kuiongeza, wala kumkabidhi asiyehusika. Na ikiharibika mikononi mwake kwa uzembe, sheria na murua vyote viwili vitamuuliza. Basi swali linalostahili kuulizwa katika zama hizi, ambapo simu imo katika mfuko wa kanzu na katika pindo la khanga, ni hili: anayeipitisha khabari asiyoichunguza, nayo ikaja ikadhuru, anabeba lawama gani? Na kama hakupata kufundishwa namna ya kuichunguza, lawama hiyo iandikwe kwa nani?

Kisiwani Pemba swali hili si la kupitishia wakati barazani. Mwanzoni mwa mwaka 1995 kisiwa kizima kiliingiwa na hofu ya kiumbe kilichoitwa Popobawa, kilichosemwa kwamba huwavamia watu usingizini na kuwadhalilisha. Jina lenyewe halikuwa geni. Lilikuwa likitajwa tangu miaka ya 1970. Safari hii hofu ilienea kijiji baada ya kijiji, hata watu wakavihama vyumba vyao wakalala nje kwa makundi, penye mwangaza wa moto. Ulikuwa ndio mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo kurejeshwa mwaka 1992, na kila upande ukaupa uvumi tafsiri iliyoafiki siasa zake. Kisha uvumi ukavuka bahari mpaka Unguja. Huko mtu mmoja, mgonjwa wa akili, alishukiwa kuwa ndiye kiumbe chenyewe, na umati ukamuua.

Hapana haja ya kubishana juu ya walichokiona watu gizani. Hofu yao ilikuwa ya kweli, na haistahiki kuchekwa na mtu aliyelala salama mahali pengine. La kuzingatiwa ni namna uvumi ulivyojijenga. Mtaalamu wa anthropolojia Martin Walsh, miongoni mwa walioandika juu ya tukio hilo, ameeleza jinsi uvumi ulivyofungamana na siasa za wakati ule. Na katika simulizi zilizoenea mlikuwa na sharti moja la ajabu: aliyevamiwa alitakiwa awaeleze wenzake yaliyomfika, la sivyo kiumbe kitamrejea. Uvumi, basi, ulibeba ndani yake amri ya kuenezwa. Anayezijua zile barua za simu zinazoagiza "watumie watu kumi kabla ya usiku wa leo" ataitambua amri hiyo mara moja. Mashine zimebadilika, bali hila ni ile ile.

Ni nani basi aliyemuua yule mgonjwa? Waliompiga walikuwa wachache. Waliomfikishia umati jina la kumwita walikuwa maelfu, na kila mmoja wao angeweza kuapa kwamba hakunyanyua hata fimbo. Hapo ndipo ugumu wa jambo ulipo: madhara makubwa hukamilishwa na watu wengi, kila mmoja akiwa amefanya kitu kidogo tu, cha kusema alilolisikia.

Mafundisho waliyolelewa nayo watu wa kisiwani hayakulinyamazia jambo hili. Aya ya 6 ya Sura ya al-Hujurat inawaamrisha walioamini kuichunguza khabari inayoletwa na mpotofu, wasije wakawadhuru watu kwa ujinga kisha wakajuta. Na imepokewa katika dibaji ya Sahih Muslim, kwa maana yake, kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kule kusimulia kila alisikialo. Hukumu hii ni kali kuliko inavyodhaniwa. Haikusema kwamba anayesimulia kila kitu huenda akakosea. Imemhisabu pamoja na waongo, hata kama kila neno alilolitamka alilisikia kweli. Uaminifu wa sikio haumtoi mtu katika lawama za ulimi.

Juu ya msingi huo wanazuoni wakajenga elimu nzima. Al-Bukhari, aliyefariki mwaka 870, pamoja na wenziwe hawakutosheka na maneno ya hadithi. Waliuliza imepokewa na nani, kutoka kwa nani, na huyo naye kutoka kwa nani. Waliangalia kama wawili waliotajwa kuwa wamepokezana waliishi zama moja na kama waliwezekana kukutana. Walipima kumbukumbu ya msimulizi na tabia yake. Mnyororo ukikatika mahali pamoja, khabari ilishushwa daraja, hata yakiwa maneno yake ni mazuri kiasi gani. Wasomi wa vyuo vya Pemba, waliosoma mbele ya mashekhe wao kitabu baada ya kitabu, wamekuwa wakiijua kanuni hii kabla ya umeme kuwaka kisiwani. Hata lugha yenyewe imehifadhi athari yake: katika Kiswahili cha kale neno "chuo" lilikuwa na maana ya kitabu, na mpaka leo ni mahali pa kusomea. Kitabu na mahali pa kukisoma mbele ya mwalimu vilikuwa na jina moja, kwa kuwa kimoja bila ya chengine hakikutosha.

Hapa hujitokeza pingamizi, na si pingamizi la kudharauliwa. Itasemwa kwamba kumfundisha kijana kuuliza "umeipata wapi?" ni kumfundisha utovu wa adabu. Jamii ya kisiwa imesimama juu ya kuaminiana. Mtoto humwamini babu, mwanafunzi humwamini maalim, baharia humwamini nahodha. Na lau kila neno lingedaiwa shahidi, pasingebaki ujirani wala udugu. Tena wahenga wenyewe wamesema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Je, methali hiyo haimwambii mtu ausikilize uvumi?

Ama methali, ni kweli inamwambia asiupuuze. Haikumwambia auhamishe. Mtu anaweza kulisikia lisemwalo, akalizingatia, akajiandaa kwalo, na bado asilitie mdomoni mwake mpaka alijue lilikotoka. Na ama adabu, mnyororo wa wapokezi ndio ukanusho wa pingamizi hilo. Kumuuliza mtu alikoipokea khabari ni kumpa nafasi ya kumtaja mwalimu wake, na mwalimu mwema hufurahi kutajwa. Anayeudhika kwa swali hilo mara nyingi ni yule asiye na wa kumtaja. Zaidi ya hayo, imani ya mtoto kwa babu si imani ya kipofu. Babu amejulikana miaka mingi. Amepimwa na mvua na jua, na maneno yake yamepimwa kwa matendo yake. Heshima ya neno lake imetokana na ushahidi uliokusanyika taratibu mpaka ukasahauliwa kuwa ni ushahidi.

Na hicho ndicho teknolojia mpya ilichokiondoa. Mwaka 2010 waya wa umeme uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga uliiunganisha Pemba na gridi ya Bara, baada ya miaka mingi ya kutegemea majenereta ya dizeli. Simu za kisasa zikaenea, na maneno yakawa yanafika Micheweni na Mkoani kwa wakati mmoja. Hapana shaka kuwa hii ni neema. Aliye Wete humsikia ndugu yake aliyeko Muscat kama kwamba wameketi jamvi moja, na mwanafunzi wa skuli ya kijijini anaweza kusoma yale ambayo zamani yalihitaji safari ya meli. Lakini khabari imefika imevuliwa mnyororo wake. Sauti inasikika na mwenye sauti hajulikani. Picha inaonekana na siku iliyopigwa haijulikani. Ujumbe umepita mikono mia mbili, na unapotua kwa mtu wa mwisho unakuja kwa jina la binamu yake, naye huupokea kwa imani aliyoiweka kwa binamu, ilhali binamu hakuwa ila mpagazi.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, zilipoanza kuenea programu za akili mnemba zinazojibu kwa maandishi, jambo limezidi uzito. Mashine hizi hutunga sentensi za Kiswahili zilizonyooka, na zikikosa jibu zinaweza kulizua kwa utulivu ule ule zinaousemea kweli. Mpenzi wa mashairi aziombe beti za Kamange au za Sarahani, malenga wawili wakubwa wa Pemba, huenda akapewa beti zenye vina na mizani ambazo malenga hao hawakupata kuzitunga. Mwenye kuzipokea ataziimba, mwengine atazinukuu, na baada ya miaka ishirini mtafiti atazikuta katika karatasi tatu na kudhani kuwa tatu ni wingi wa ushahidi.

Mfano huu wa malenga una funzo kubwa. Tungo zao zilihifadhiwa kwa vifua na kwa karatasi, mpaka zilizokusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy zikahaririwa na Abdilatif Abdalla na kutolewa kitabu na Mkuki na Nyota mwaka 2011, *Kale ya Washairi wa Pemba: Kamange na Sarahani*. Msomaji akikishika kitabu hicho anajua nani alikusanya, nani alihariri, nani alichapisha. Akiwa na shaka anajua pa kupeleka swali lake. Na kabla ya vitabu vya chapa, watunzi wa tenzi wa mwambao walikuwa na desturi ya kujitaja katika beti za tamati, jina la mtunzi na pengine mji wake na mwaka alioandika. Wengi huiona desturi hiyo kuwa ni pambo, nayo kumbe ni dhamana. Mtunzi alikuwa akisema: haya ni yangu, nimo humu, niulizeni. Ujumbe unaozagaa leo hauna tamati.

Kazi ya kurejesha mnyororo huo imekuwa na majina kadhaa duniani. Mmarekani Paul Zurkowski aliuingiza msamiati wake katika mijadala ya maktaba mwaka 1974. Mwezi wa Novemba 2005, wataalamu waliokutana katika maktaba kuu ya Alexandria, Misri, chini ya UNESCO na shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, walitoa tamko linalouhisabu umahiri wa khabari kuwa ni haki ya msingi ya binadamu katika zama za kidijitali na kiini cha kujifunza maisha yote. Umahiri huo ni uwezo wa mtu kujua kwamba anahitaji khabari, kujua pa kuitafuta, kuipima, kuitumia na kuifikisha kwa uadilifu. Kwa lugha ya kisiwani, ni uwezo wa kuwa amini wa khabari.

Neno la kutiliwa mkazo ni "maisha yote". Katika skuli nyingi maktaba hujulikana kama pahala pa kujitayarishia mtihani. Mwanafunzi huingia akiwa na daftari, hunakili, hufaulu au hushindwa, kisha harudi tena. Mama yake hajapata kuingia, wala mvuvi, wala mkulima wa karafuu. Pemba, yenye zaidi ya watu nusu milioni kwa sensa ya mwaka 2022, ina maktaba ya Shirika la Huduma za Maktaba mjini Chake Chake; lakini swali la maktaba si la jengo wala idadi ya kompyuta. Ni swali la nani anajihisi kuwa amealikwa.

Na ichukuliwe mfano wa darasa dogo la alasiri, watu kumi na simu zao. Mkutubi awaoneshe picha ya meli inayozama, iliyosambazwa kama tukio la jana usiku, kisha awafundishe kuipeleka picha hiyo katika mtambo wa kutafutia na kuona ilionekana lini kwa mara ya kwanza. Siku ya pili awaletee wavuvi tangazo la dhoruba, awaulize: lina tarehe? Limetoka kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, au limetajwa tu kuwa limetoka kwao? Siku ya tatu iwe ni ujumbe wa majani yanayosemwa kuponya kisukari, na kina mama waoneshwe namna ya kuutofautisha ushuhuda wa mtu mmoja na matokeo ya uchunguzi wa wengi. Siku ya nne, ubeti usiojulikana mtunzi wake. Pale ambapo mtandao ni dhaifu au ghali, zipo programu kama Kiwix zinazowezesha kuisoma Wikipedia nzima bila ya intaneti. Masomo ni manne, na maswali ni yale yale: nani kasema, kasema lini, aliona au alisikia, nani mwengine kasema, na nani anafaidika.

Utafiti wa nje umeliunga mkono jambo hili kwa njia isiyotarajiwa. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, katika utafiti walioutoa mwaka 2017, waliwatazama wanahistoria, wanafunzi wa chuo kikuu na wahakiki wa khabari wakizipima tovuti. Wanahistoria na wanafunzi, wenye elimu kubwa, wengi wao walibaki katika ukurasa waliopewa, wakiusoma kwa makini, na mara nyingi wakadanganyika na sura yake nzuri. Wahakiki waliutazama kidogo, wakauacha, wakaenda kuuliza kwengine ni nani mwenye ukurasa huo. Kwa maneno mengine, walifanya kama afanyavyo mzee wa Pemba anapoletewa posa na mgeni: haishii kumtazama mgeni kanzu yake, hupeleka mtu kwao kuuliza.

Iko hatari ya upande wa pili, nayo haifai kufichwa. Aliyefundishwa kushuku bila ya kufundishwa kuamini ameharibiwa zaidi kuliko msadikifu. Mtu asemaye "wote waongo" hujiona mwerevu, na kumbe amewapumzisha waongo kazi ya kumshawishi. Kwao imetosha kwamba hatausadiki ukweli pia. Wanazuoni wa hadithi hawakutupa khabari zote kwa kuwa baadhi ni za uongo. Walizipanga daraja, na iliyothibiti waliifuata. Lengo la kuuliza ni kufika mahali pa kuamini.

Tena kuna haki ambayo mwenye kuuliza anaidai kwa wengine. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyotoka Unguja kuja Pemba ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, ilizama katika mkondo wa Nungwi. Hapana mtaa wa Pemba usioujua msiba huo. Hesabu za mwanzo zilitaja maiti zipatazo mia mbili; tume ya uchunguzi ilipotoa ripoti yake mwaka 2012, hesabu ya waliopotea ilipindukia watu 1,000. Tofauti baina ya hesabu hizo mbili haikutokana na ujinga wa wananchi. Ilitokana na kukosekana orodha ya kweli ya walioipanda meli. Mtu anaweza kufundishwa njia zote za kuuliza, lakini kama hakuna aliyeandika, ataulizia nini? Kumfundisha raia kuitafuta khabari huku wenye dhamana hawaiweki wala hawaitoi ni sawa na kumfundisha kuogelea juu ya mchanga mkavu. Orodha ya abiria, daftari la zahanati, bei iliyobandikwa ukutani katika kituo cha kununulia karafuu: hizo nazo ni amana, na mwenye kuzificha au kuzizembea ameikhini amana kabla ya mpitisha uvumi.

Lawama, basi, ina daraja zake. Ya kwanza ni ya aliyezua akijua kuwa anazua. Ya pili ni ya aliyekuwa na wajibu wa kuiandika na kuitoa kweli, akainyima, kwani uvumi huota palipoachwa wazi. Ya tatu ni ya aliyeweza kuuliza asiulize. Na yule asiyejua hata kwamba swali linawezekana ana udhuru; lakini udhuru wake ni deni juu ya jamii iliyomwacha hivyo, iliyompa mashine ya kufikisha neno kwa watu elfu na isimpe dakika kumi za kumwonesha namna ya kulipima. Deni hilo ndilo maktaba inaloweza kuanza kulilipa, na likilipwa, udhuru huondoka na wajibu huanza.

Wajibu wenyewe si mkubwa wa kumshinda mtu. Ni kusita kidogo kabla ya kidole kugusa. Ni kuyarejesha yale maswali matano, na yakikosa jibu, kuiacha khabari ilale hapo ilipofika. Na ikithibiti, ni kuifikisha pamoja na jina la aliyeitoa na siku aliyoitoa, na mfikishaji naye ajitaje, kama walivyojitaja watunzi wa tenzi mwisho wa kazi zao, ili mwenye kuipokea ajue pa kurudi nayo.